Bustani ya Uhuru: Ardhi Iliyopata Watetezi

Bustani hii, iliyofunguliwa mwaka 1969 na Rais wa kwanza wa Jamhuri, Mzee Jomo Kenyatta, imekuwa tangu hapo baraza la watu wote wa Nairobi, tajiri kwa fakiri, wajao kutafuta kivuli na faragha kando ya zogo la mji.

Mwaka 1989, ilipodhihirika kwamba imeazimiwa kujengwa papa hapa jumba la ghorofa 60, Profesa Wangari Maathai, mwasisi wa Green Belt Movement, aliwaandikia barua wenye mamlaka na kufungua kesi. Na ijapokuwa kesi ilitupwa, naye akakejeliwa hata Bungeni, raia waliozoea kustarehe juu ya majani haya walitambua kuwa inayonyang'anywa ni haki yao wenyewe, hata wafadhili wa ng'ambo wakajitoa na mradi ukabatilika.

Hamasa hiyo haikukoma hapa. Mwaka 1999 Profesa Maathai na wenziwe walisimama kuuhami Msitu wa Karura dhidi ya wanyakuzi. Na upande wa magharibi, katika bustani ya miti ya Arboretum, iliyoasisiwa mwaka 1907, wapenzi wake wameunda jumuiya ya kusaidia kuitunza. Kwani mtu huihifadhi kwa dhati ardhi aliyoizoea na kunufaika nayo.

Ewe mzuru, bustani hii ni amana: usikate mti, usitupe taka, wala usinyamaze uonapo ikidhulumiwa.