Entebbe ya Aprili: Nani Aliyemaliza Ndege za Amin?

Jeshi la anga la Idi Amin lilimalizwa na Waisraeli katika usiku mmoja wa Julai 1976. Dai hili limo katika maandishi mengi ya Ulaya na Marekani, na siku hizi linarudiwa hata na Watanzania ambao baba zao walikwenda Uganda kwa miguu. Si kweli, na kila linaporudiwa askari wa miguu wa JWTZ hunyang'anywa kazi waliyoifanya wao.

Ya 1976 yanajulikana. Ndege ya Air France ilitekwa, mateka wakashushwa Entebbe, na usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israel wakatua na Hercules nne, wakawaokoa mateka 102 na kurudi kwao kupitia Nairobi, walikojaza mafuta. Kabla ya kuondoka walizichoma MiG zilizoegeshwa uwanjani ili zisiwafukuze angani. Idadi ya ndege hizo haijapata kukubaliwa: wako wanaosema 11, wako wanaofika 30. Tuseme walichoma zote walizoziona. Bado Oktoba 1978, miaka miwili na miezi michache baadaye, MiG za Uganda zilikuwa juu ya Bukoba zikidondosha mabomu. Wakazi wa Bukoba waliokimbilia migombani siku zile hawakukimbia ndege za kufikirika.

Uvamizi wa kuokoa mateka ulitengenezewa filamu kabla mwaka haujaisha, na nyingine zimefuata hadi 2018. Entebbe ya pili, ile ya tarehe 7 Aprili 1979, imebaki katika kurasa chache. Zipo za Baldwin Mzirai katika *Kuzama kwa Idi Amin*, kitabu cha Kiswahili kilichotoka mwaka 1980 na ambacho wanahistoria wanaoandika kwa Kiingereza hukitaja kwa nadra mno. Zipo za Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa Kimarekani waliokuwa wakiishi Dar es Salaam na kulifuata jeshi letu hadi ndani ya Uganda. Na ziko simulizi za wapiganaji wenyewe, ambazo magazeti huzichapa kumbukumbu ya vita inapowadia, kisha zikasahaulika.

Mwanzo wa vita sina haja ya kuurudia: kuvamiwa kwa Kagera, daraja la Kyaka kuvunjwa, hotuba ya Mwalimu Nyerere, kisha Mutukula, Masaka na Lukaya. Jambo moja tu la miezi ile lisipitwe. Mwanzoni mwa Novemba 1978, ndege tatu za kivita za Tanzania zilitunguliwa Musoma na walinda anga wetu wenyewe, zikidhaniwa ni za adui. Marubani wale ni mashujaa sawa na waliokufa kwa risasi za Amin, na wanastahili kutajwa kila Siku ya Mashujaa. Tukio hilo pia linatueleza hofu iliyokuwapo: mlinzi aliyekuwa na silaha ya kutungulia ndege wiki ile alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba Entebbe bado inarusha MiG.

Kufikia Machi 1979 Entebbe ilikuwa mlango wa Walibya. Gaddafi alikuwa akimletea Amin askari na silaha kwa ndege za mizigo, na tarehe 29 Machi ndege yake ya Tu-22 ililenga Mwanza, mabomu yakaishia kuua swala. Ndiyo maana wakuu wa Divisheni ya 20, chini ya Meja Jenerali David Msuguri, hawakutaka kuikimbilia Kampala huku uwanja ule ukiwa wazi ubavuni mwao. Wako wanaoiita Entebbe kituo cha njiani tu. Hao hawajaitazama ramani. Kutoka vilima vya Mpigi rasi yote ya Entebbe iko chini ya mizinga ya masafa marefu, na jeshi linaloingia Kampala bila kuifunga rasi hiyo linaacha adui anayeongezewa nguvu kila ndege inapotua.

Mizinga ilianza kuipiga Entebbe kutoka Mpigi. Amin, aliyekuwa Ikulu ya huko, akaondoka kwa helikopta kwenda Kampala. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa ikateremka kuelekea uwanjani. Hercules moja ya Libya ilijaribu kuruka na watu ndani, ikapigwa kwa RPG, nayo haikufika popote.

Hapa ndipo mabishano yanaponoga. Tukio hili limesimuliwa kwa namna nyingi: mmoja atasema ndege ilikuwa imekwisha kunyanyuka, mwingine atasema ilikuwa bado inakimbia ardhini, mmoja atalipa sifa kundi lake, mwingine ataapa kwamba ni mizinga ya Mpigi. Wasomi huzitumia tofauti kama hizi kuutupa ushahidi wote wa wapiganaji. Mimi nadhani tuwe na subira nao. RPG-7 haipigi mbali. Shabaha inayokwenda huipata vizuri ndani ya mita 300 hivi, na kombora lake hujilipua lenyewe likikaribia mita 1,000. Basi aliyeipiga Hercules ile alikuwa karibu kabisa na njia ya kurukia. Hapo nadharia ya mizinga inakufa, na anayeshikilia kwamba Entebbe ilianguka kwa mabomu ya mbali bila askari wa miguu kuingia ana kazi ya kueleza kombora hilo lilitoka wapi. Kama ndege ilikuwa juu au chini wakati huo, watu waliolala kifudifudi kwenye nyasi, kila mmoja upande wake, wanaweza kutofautiana na wote wakasema kweli.

Walibya zaidi ya 300 walikufa Entebbe na katika barabara ya kwenda Kampala. Wengi hawakuwa askari wa kazi bali wanamgambo, na baadhi yao walikuwa wameambiwa wanakwenda mazoezini. Sifa ya Brigedi ya 208 haipungui kwa kuwahurumia. Mwalimu mwenyewe aliagiza njia ya Jinja iachwe wazi ili waliobaki Kampala waondoke.

Uwanjani, mamia ya askari wa anga wa Uganda walijisalimisha, na MiG zilizokuwa zimebaki zikaangukia mikononi mwa JWTZ zikiwa ardhini. Jeshi la anga la Amin liliishia hapo, siku tatu kabla Kampala haijavamiwa.

Askari aliyekuwa na miaka 20 siku ile sasa amevuka 65. Kumbukumbu za Brigedi ya 208 zikifunguliwa leo, bado wapo wa kuzisoma na kusema hapa ni sahihi na hapa si sahihi. Waulizwe kwanza mambo mawili: ni kombania gani ilikuwa mwisho wa njia ya kurukia, na nani alikuwa ameshika ile RPG.