Masaa 100 ya Dhahran: kosa dogo la saa, askari 28

Bandugu wanafunzi, hii ni historia kwa wote wanaotengeneza programu ya TFC.

Usiku wa tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita ya Ghuba, kombora la Scud lilitoka Iraki likaanguka juu ya kambi ya Waamerika kule Dhahran, Arabia Saudia. Askari 28 walikufa. Mtambo wa Patriot ulikuwa pale kwa kulinda, lakini haukurusha kitu. Juu ya nini?

Juu ya saa ya ordinateri yake. Ilihesabu wakati kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na 0,1 haiandikiki kamili kwa 0 na 1. Nafasi ya biti 24 ilikata mkia wa namba, ikapoteza karibu sekunde 0,000000095 kila mara. Utasema si kitu. Sasa shika kalamu. Mtambo ulikuwa umewaka masaa 100 bila kuzimwa, ni kusema mara milioni 3,6. Zidisha: karibu sekunde 0,34. Scud inakimbia zaidi ya mita 1600 kwa sekunde, basi kosa linapita mita 500. Radari ilitafuta mahali ambapo kombora halikuwa.

Hesabu hiyo ni simulasyo ndogo: unaendesha mashini kwenye karatasi mbele ya kuipeleka vitani. Lakini simulasyo inajibu tu kile umeiuliza. Patriot ilifikiriwa kwanza kwa kupiga ndege na kuhamahama. Wakubwa walidhani hakuna atakayeiwasha masaa mengi hivyo. Tarehe 11 Februari Waisraeli walionya kwamba kosa linaonekana hata kisha masaa 8. Tarehe 21 ujumbe ukatumwa kwa askari: kuwasha muda mrefu sana kunaweza kuleta kosa. Mrefu namna gani? Hakuna namba. Kumbe kuzima na kuwasha tena kulichukua dakika moja na nusu hivi tu. Programu mpya ilifika Dhahran tarehe 26, kesho yake.

Kwetu umeme ukikatika, mashini inaanza upya, kosa la namna hiyo linafichama. Kwa hiyo programu yako ya hospitali ama ya depo ya kahawa usiijaribu dakika tano tu mbele ya prof. Iache iwake wiki nzima, halafu andika wazi: inavumilia masaa ngapi.