Lori Lililofanywa Kichwa cha Treni

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilipoingia mji huo tarehe 26 Agosti 1916, Wajerumani walikuwa wamekwishaondoka. Nyuma yao waliacha madaraja yaliyovunjwa, na vichwa vya treni na mabehewa yaliyotupwa makorongoni.

Mafundi wa jeshi kutoka Afrika Kusini walitengeneza madaraja kwa vifaa vilivyopatikana papo hapo. Yalipitika, ila kichwa cha mvuke kingeyalemea. Ndipo wakageukia malori. Magurudumu ya barabarani yalitolewa, yakafungwa ya chuma yenye ukingo upande wa ndani, ule unaozuia gurudumu kuchupa reli. Kipimo kati ya reli na reli kilikuwa mita 1, na ekseli zililazimika kukifuata. Usukani ulikosa kazi. Dereva alibaki na mafuta, gia na breki.

Malori hayo yalivuta mabehewa ya chakula na risasi. Pasipo reli, shehena hiyo ilikwenda vichwani mwa wapagazi.