Balozi, Mkuu wa Wilaya na Ua la Usambara: Siasa Ndani ya Makusanyo ya John Kirk

Vitabu vya bustani vinavyosomwa Ulaya na Marekani hurudia dai moja bila kulihoji: kwamba ua la Saintpaulia, linalouzwa huko katika vyungu vidogo madukani, liligunduliwa mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga chini ya Wajerumani. Watetezi wa Waingereza hujibu kwamba Sir John Kirk, balozi wao Unguja, alikwisha kupeleka sampuli ya mmea huohuo kwenye bustani ya Kew mwaka 1884, na kwamba Mchungaji W. E. Taylor, yule yule aliyekusanya mashairi ya Muyaka huko Mombasa, alipeleka nyingine mwaka 1887. Ubishi wa nani alitangulia hauna tija. Msimamo wa makala hii ni kwamba sampuli ya Kirk na mbegu za Saint Paul zote ni mazao ya ofisi za kisiasa, na kwamba tofauti ya hatima zake inaeleweka tukitazama ofisi hizo, si vipaji vya waliozishika.

Maisha ya Kirk hayana utata mkubwa. Alizaliwa Uskoti mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh, akafuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi kuanzia 1858 hadi 1863, kisha akafika Unguja mwaka 1866. Mwaka 1873 ndiye aliyemshinikiza Sultani Barghash atie saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Utata unaanza pale waandishi wanapomgawa mtu huyu vipande viwili: mwanasiasa kazini, na mpenzi wa mimea katika bustani yake ya Mbweni. Mgawanyo huo hausimami. Kirk aliandika kuhusu asili ya sandarusi wakati sandarusi ilikuwa bidhaa kubwa ya pwani yetu, ikichimbwa ardhini na kupelekwa viwanda vya vanishi. Mmea wa mpira wa porini uitwao Landolphia kirkii una jina lake, na biashara ya mpira huo aliihimiza yeye mwenyewe. Udadisi wake ulifuata mizigo iliyopita forodhani. Mwaka 1884 mpelelezi Mwingereza H. H. Johnston alikwenda Kilimanjaro kwa msaada wa Kirk, safari iliyotajwa kuwa ya kisayansi. Akakusanya mimea na wanyama, na huko Taveta akafanya mikataba na wenyeji. Mfuko wa sampuli na karatasi za mikataba vilibebwa na msafara mmoja.

Ushahidi mzito zaidi, hata hivyo, ni ua lenyewe. Mmea huu hukaa chini, majani yake ya vinyweleo yamepangika duara, maua ya zambarau yenye kiini cha manjano yakichomoza katikati. Huota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli na unyevu. Ukikaushwa na kubanwa kati ya karatasi, huharibika upesi. Sampuli za Kirk na Taylor zilifika Kew zikiwa hazitoshi kuandikiwa maelezo ya kisayansi, zikabaki bila jina. Saint Paul alituma mbegu kwa baba yake Ujerumani, zikamfikia Hermann Wendland katika bustani za Herrenhausen, Hannover, naye mwaka 1893 akautangaza mmea kwa jina la ukoo wa mtumaji. Kampuni ya Benary ya Erfurt ikauza mbegu, na kufikia 1926 zilikuwa zimefika Los Angeles kwa wakuzaji wa Armacost na Royston, ambako aina nyingi za kisasa zilianzia. Jani moja likichomekwa kwenye udongo huota mmea mpya, hivyo haikuhitajika kurudi Tanga kwa mbegu nyingine.

Kwa nini Saint Paul alifanikiwa pale ambapo mtaalamu mwenye uzoefu zaidi hakufanikiwa? Jibu limo katika mwaka 1884 wenyewe. Mwishoni mwa mwaka huo Mjerumani Carl Peters alipita bara akikusanya saini za watawala wa wenyeji kwenye mikataba, na hati ya Kaizari ya Februari 1885 ikaitaja Uzigua miongoni mwa nchi nne zilizowekwa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Yaani ardhi ya Uzigua, Handeni ya leo ikiwemo, iligawiwa kabla wakazi wake hawajasikia. Kirk aliagizwa na London asipinge. Yeye alikuwa balozi katika mji wa Sultani, mwenye ushawishi lakini bila ardhi ya bara. Saint Paul alikuwa mtawala mwenye makazi, askari na wapagazi, aliyekijua Kiswahili hata akakitungia kitabu cha kufundishia mwaka 1890. Haiyumkiniki kwamba alifika kwenye mwamba wenye ua hilo bila mtu wa hapo kumwonyesha njia. Mtu huyo hayumo katika jina la mmea.

Itasemwa kwamba Kirk alikuwa mwanasayansi wa kweli. Ndiyo, na ustadi huo ndio uliomfanya awe balozi mwenye manufaa. Itasemwa pia kwamba jina ni heshima tu. Mwaka 2015 wataalamu waliiingiza Saintpaulia ndani ya jenasi ya Streptocarpus, jina la mkuu wa wilaya likashushwa cheo. Biashara ya ua haikutikisika. Jina linaweza kufutwa, lakini njia iliyopita mbegu haifutiki.

Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992 hautoi dai juu ya mbegu zilizotoka karne iliyotangulia, kwa hiyo mjadala wa mgawo wa faida hautaanzia mahakamani. Ninaamini unaweza kuanzia kwenye kumbukumbu: kila sampuli ya mkoa wa Tanga iliyoko Kew na Ujerumani iandikwe pamoja na cheo cha aliyeituma, njia iliyopita na mamlaka yaliyoifungua njia hiyo, na nakala ziwekwe Amani, mahali ambapo Wajerumani walijenga bustani ya utafiti mwaka 1902. Miamba ya Usambara na Nguu ambako mimea hii bado inaota porini inakatiwa misitu inayoipa kivuli, na gharama ya kuilinda inawaangukia wakazi ambao hawajawahi kupokea senti ya vyungu vile.