Tarikhi ya Punje ya Chumvi Isafiriyo Hewani

Mkaazi wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba chumvi hulowa bila ya kutiwa maji, kwani huiona ikigandamana kibakulini wakati wa masika, na huiona kutu ikiyala mabati ya nyumba zielekeazo bahari. Walakini, ijapokuwa jambo hili lilikuwa dhahiri kwa wapishi na mabaharia tangu zama, wanavyuoni wa elimu ya maumbile walichukua zaidi ya miaka 100 kuifahamu barabara tabia ya chumvi ile ambayo haimo chomboni wala baharini, bali inaelea hewani katika punje zisizoonekana kwa macho.

Waliolianza shauri hili walikuwa wakitafuta asili ya mawingu. Mwaka 1875 Mfaransa Paul-Jean Coulier alichukua chupa yenye maji kidogo, akaipunguzia hewa yake mgandamizo kwa ghafula, akaona ukungu ukizuka ndani; kisha alipoichuja hewa kwa pamba na kulirudia tendo lile lile, ukungu haukutokea, ikambainikia kwamba mvuke wa kawaida haufanyi matone pasipo vumbi la kushikamana nalo. Miaka mitano baadaye John Aitken, Mskoti wa Falkirk, alifika pale pale kwa njia yake mwenyewe, tena akavuka mbele zaidi: alisema kwamba manyunyu ya mawimbi yakaukayo hewani ni chimbuko kubwa la vumbi hilo, na akatambua kwamba vitu vyenye uchu wa maji, na chumvi ikiwa kimojawapo, huanza kuyakusanya maji kabla hewa haijashiba mvuke.

Hoja hiyo ilipata mizani yake kwa Hilding Köhler, Mswidi aliyefanya kazi katika kituo cha mlima Haldde, kaskazini kabisa mwa Norwe, ambako aliyeyusha sakitu iliyoganda kutokana na mawingu na kuipima klorini iliyokuwamo, akaamini kwamba kila tone la wingu lilizaliwa na punje ya chumvi ya bahari. Lord Kelvin alikwisha kuonyesha mwaka 1871 kwamba kadiri tone lilivyo dogo ndivyo maji yake yanavyotoroka kwa wepesi; Köhler akaongeza kwamba chumvi iliyoyeyuka ndani ya tone huyazuia maji yasitoroke, na katika maandishi yake ya mwaka 1936 akaeleza jinsi nguvu hizo mbili zinavyoshindana, hata ikajulikana ni tone lipi litabaki kuwa utusitusi wa hewa na lipi litakua mpaka kuwa wingu. Katika miaka ya 1950 Mjerumani Christian Junge alidhihirisha kwamba punje nyingi za hewani, hasa juu ya nchi kavu, ni za salfeti ya amonia wala si za chumvi ya bahari. Lakini hesabu ya Köhler haikutanguka kwa hayo, maana yafaa kwa chumvi za kila namna.

Miaka ile ile Alfred Woodcock wa Woods Hole, Marekani, ambaye aliingia katika elimu hii akiwa baharia wa chombo cha utafiti Atlantis, alipanda ndege na kuvitoa nje vipande vidogo vya kioo vipigwe na upepo wa bahari, kisha akaviweka mahali penye unyevu wa kadiri aijuayo, akapima tone lililoumuka juu ya kioo, na kwa ukubwa wa tone akahesabu uzito wa chumvi yake. Mwaka 1953 alitangaza kwamba chumvi huzidi hewani kadiri upepo unavyozidi nguvu, na mwaka uliofuata yeye na wenzake walitoa picha za vipovu vya maji ya bahari vikipasuka na kurusha juu uzi wa maji ukatikao kuwa matone.

Lakini ajabu kubwa ya punje hii haikuwa katika kulowa, bali katika kukauka. Chumvi safi, katika joto la nyuzi 25, hukaa kavu na ngumu mpaka unyevu wa hewa ufikapo asilimia 75, hapo huyanywa maji kwa ghafula na kugeuka tone, na ufikapo asilimia 80 upana wake umekuwa takriban maradufu. Ilhali hewa ikirudi kukauka, tone halirudi kuwa jiwe katika asilimia ile ile 75, bali hustahimili kuwa maji mpaka karibu ya asilimia 45. Mfaransa Henri Dessens, aliyezinasa punje hizo kwa nyuzi za buibui katika miaka ya 1940 na kuzitazama kwa darubini, aliyaona mageuzi hayo. Sababu yake ni kwamba chumvi haigandi mpaka ipate mahali pa kuanzia: katika mashamba ya chumvi ya Bagamoyo au Ngomeni taka na udongo huipatia mahali hapo mara tu maji yanaposhiba, bali tone safi lieleapo hewani halina ukuta wala taka. Mwaka 1987 Cohen, Flagan na Seinfeld wa California walilining'iniza tone kwa nguvu za umeme pasipo kuguswa na kitu, wakapima maji yenye chumvi nyingi kupita kiasi ambacho maji ya bilauri yangeweza kukivumilia.

Chumvi ya bahari, nayo, ina magnesi ndani yake, kwa hiyo huanza kulowa mapema kuliko ile safi, na mipaka yake si mikali. Hata hivyo kanuni ni moja. Upepo uliotoka baharini na kukauka hata asilimia 60 waweza kuchukua matone, na upepo uliokauka kabisa barani, kisha unyevu wake ukapanda hata asilimia hiyo hiyo, waweza kuchukua punje zilizo kavu kuliko hizo, zitawanyazo nuru ya jua kwa uchache. Na kwa kuwa kipimo cha unyevu husoma sawasawa katika pepo zote mbili, mwenye kutaka kujua ni nuru kiasi gani itakayozuiliwa na hewa ya bahari hana budi kuuliza kwanza hewa hiyo imepita wapi.