Mkono uliolala: Safari ya utafiti wa kiharusi kutoka Hai hadi Qurus

Mwaka 1994 wahesabu watu walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika eneo lenye wakazi 148,135. Pamoja na maswali ya kawaida, waliuliza kama humo ndani kuna mtu aliyepooza. Waliotajwa walifuatwa na kupimwa, na watu 108 wakakutwa na ulemavu uliotokana na kiharusi: wanaume 61, wanawake 47. Kabla ya hapo takwimu nyingi za kiharusi barani Afrika zilitoka hospitalini, kwa hiyo mkulima aliyeugulia kitandani kwake hakuhesabiwa.

Daktari Richard Walker na wenzake wa Tanzania, waliofanya utafiti huo, waliendelea, na kati ya 2003 na 2006 wakahesabu wagonjwa wapya, Hai na Dar es Salaam. Shinikizo la damu lilikuwa miongoni mwa visababishi vikubwa.

Lakini aliyekwisha kupooza afanyweje? Jibu moja lilianzia kwa kima. Nchini Marekani, Edward Taub aliona kuwa kima aliyekatwa neva za hisia za mkono mmoja huacha kuutumia kabisa. Mkono mzima ulipofungwa, ule uliolala ukaanza kushika chakula. Mnyama alikuwa amejifunza kutoutumia, na angeweza kufundishwa upya.

Kwa binadamu, mkono mzima huvishwa glavu nene karibu kutwa nzima, kwa wiki mbili. Mkono dhaifu huachiwa kazi zote: kuokota punje, kufungua kifungo, kuinua kikombe. Wagonjwa hutoka jasho, na wengine hulia. Humfaa aliyebakiwa na uwezo japo kidogo wa kuinua kiganja na kunyoosha vidole. Jaribio la wagonjwa 222, lililochapishwa 2006, lilionyesha nafuu kubwa kuliko huduma ya kawaida, na nafuu hiyo ilidumu mwaka mzima. Mbinu hii imekwisha kujaribiwa hata katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Lakini kutoka Qurus, wilayani Karatu, hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 200. Nauli ya mgonjwa na ya anayemshika mkono si jambo dogo kwa familia inayoishi kwa mahindi na mbaazi, kwa hiyo mazoezi huachiwa mke, binti au mjukuu. India walijaribu njia hiyo kwa wagonjwa 1,250: familia zilifundishwa mazoezi, lakini matokeo ya 2017 hayakuonyesha tofauti baada ya miezi sita. Mimi siyasomi kuwa yanaiambia familia ikae kando. Naona yanadai mtaalamu awe karibu nayo, arudi nyumbani kwa mgonjwa mara kwa mara, arekebishe zoezi.

Halmashauri ya Karatu iwape wataalamu wa fiziotherapia usafiri wa kufika vijijini. Nawe msomaji, ndugu yako akiruhusiwa kutoka hospitali, usiondoke kabla hujaonyeshwa mazoezi yake na kupewa tarehe ya kurudi.