Nauli ya Timu Hulipwa na Nani?

Katika kila timu ya softiboli ya wasichana inayozunguka mashindano ya Marekani yupo mzazi mmoja asiyerusha mpira wala kuudaka, na bila yeye timu haitoki nyumbani. Ndiye anayekusanya ada za kila mwezi, anayelipia mashindano, bima na waamuzi, anayetafuta vyumba vya hoteli na kujua gari la nani lina nafasi. Aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi anaijua kazi hiyo: kuwakumbusha wanaochelewa kulipa, kutunza risiti, kulaumiwa. Ila harusi huisha, na msimu wa softiboli hurudi. Wapo wanaosema mzigo huu umezaliwa na mapenzi ya wazazi wa leo, na wapo wanaosema umezaliwa na pupa yao. Historia ya mchezo inaonyesha jambo jingine. Safari zilikuwepo tangu zamani. Kilichobadilika ni mfuko unaozilipia.

Softiboli ilianza Chicago mwaka 1887, tena ndani ya ukumbi, na kwa miongo ya mwanzo ilikuwa burudani ya mtaani isiyodai nauli. Mwaka 1933 mashindano ya taifa yalifanyika katika mji huohuo, na tangu hapo kuwania ubingwa kukawa na gharama ya usafiri. Aliyelipa anajulikana kwa majina ya timu zenyewe. Jax Maids wa New Orleans, mabingwa wa miaka ya 1940, walibeba jina la bia. Dieselettes wa Peoria walikuwa wa Caterpillar, watengenezaji wa matrekta. Huko Portland hata duka la maua la Erv Lind lilikuwa na timu yake, nayo ikatwaa ubingwa wa taifa mwaka 1964. Mashuhuri kuliko wote ni Brakettes wa Stratford, Connecticut, walioanzishwa mwaka 1947 na Raybestos, kampuni ya breki za magari. Ndiyo maana wakaitwa hivyo. Kampuni ilijitangaza, wachezaji wakapata sare, usafiri na uwanja. Hesabu zilikuwa kazi ya ofisi.

Mtu anaweza kupinga kwamba wale walikuwa watu wazima, na hawa ni watoto. Ni kweli, na hapo ndipo penye kiini cha hoja. Little League, shirika la michezo ya watoto, ilipowafungulia wasichana softiboli mwaka 1974, kila ligi ilichukua watoto wa eneo lake, na mtoto aliweza kwenda mazoezini kwa baiskeli. Ili mtoto huyo aanze kulala hotelini katika jimbo la mbali, ilibidi zawadi kubwa ishuke hadi umri wake. Zawadi hiyo ilikuwa ufadhili wa masomo. Sheria ya Title IX ya mwaka 1972 ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, vyuo vikuu vikaanza kuwalipia wasichana masomo kwa ajili ya michezo, na mwaka 1982 NCAA, chama cha michezo ya vyuo, ikafanya mashindano yake ya kwanza ya softiboli ya wanawake. Lakini vyuo hucheza majira ya kuchipua, miezi ileile ambayo timu za sekondari hucheza katika majimbo mengi. Kocha wa chuo hawezi kusaka vipaji shuleni huku timu yake iko uwanjani. Huvisaka kiangazi, mahali ambapo timu nyingi zimekusanyika pamoja. Mzazi anayetaka binti yake aonekane humfuata kocha huko.

Wakati huohuo mfuko wa umma ulikuwa ukisinyaa. Wapigakura wa California walibana kodi ya majengo na ardhi mwaka 1978, na miaka miwili baadaye shule za sekondari za Santa Barbara zikaanza kumtoza mwanafunzi dola 25 kwa kila timu ya michezo anayoichezea. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya jimbo iliifuta ada hiyo, kwa hoja kwamba michezo ya shule ni sehemu ya elimu ya bure. Hukumu ile ilimlinda mtoto shuleni. Kiwanja cha kiangazi, ambako nafasi za chuo hugawiwa, hakikuguswa.

Watasema hakuna aliyelazimishwa. Lakini mzazi hapangi bei: waandaaji wengi huzitaka timu zilale katika hoteli walizozichagua wao, na hupata kamisheni yao hapo. Hata kutembeza bakuli kuna mipaka. Mwaka 2013 mahakama ya kodi iliunga mkono kuvuliwa msamaha wa kodi kwa chama cha wazazi wa klabu ya jimnastiki huko Virginia, kwa sababu fedha ambazo kila familia ilichangisha zilipunguza ada ya mtoto wake mwenyewe tu. Uamuzi huo unamuumiza mzazi aliyeuza bidhaa kutwa nzima, ila naona ulikuwa wa haki: sadaka isiyomfikia mtoto wa jirani si sadaka.

Siwatamani wenye viwanda warudi. Kiwanda cha Stratford kilifungwa mwaka 1989, na takataka zake zenye asibesto na risasi zilikuwa zimefukiwa sehemu nyingi za mji, pamoja na uwanja walikochezea Brakettes. Wenye wajibu leo ni miji. Ndiyo inayojenga viwanja vikubwa ili hoteli zijae, na kila chumba kinacholipiwa na mzazi huiletea kodi. Sehemu ya kodi hiyo itengwe iwe nauli ya msichana ambaye kwao hawana uwezo.